SOMO LA AFYA: CHUNUSI NYEUSI NA NYEUPE – TUZIELEWE, TUZITIBU, TUZIZUIE



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo kwa jarida la maendeleo. Tumezoea kuandika juu ya visima, malaria, mikopo ya akina mama na ada za yatima. Leo tunaandika juu ya chunusi. Tumelichagua somo hili kwa sababu kijana mwenye chunusi akikosa maelezo sahihi hakai bila dawa. Hununua kile alichoambiwa na mwenzake au na muuzaji wa vipodozi, na mara nyingi anachouziwa ni krimu yenye dawa kali isiyofaa usoni, au yenye zebaki. Hapo tatizo dogo la ngozi hugeuka kuwa ugonjwa mkubwa. Aidha, wapo vijana wanaoacha kuja kwaya au darasa la kipaimara kwa sababu ya uso tu, na sisi wazazi na wazee wa kanisa hatujui kilichowaondoa.

Madhumuni ya somo

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, kamati ya usharika iweze:

(a) kueleza kwa maneno rahisi chunusi nyeusi na chunusi nyeupe ni nini na zinatokana na nini;
(b) kukanusha maneno ya uongo yanayowaumiza vijana;
(c) kumshauri kijana juu ya tiba salama na muda wa kuingoja;
(d) kutambua dalili za hatari na kumpeleka mgonjwa panapostahili;
(e) kupanga hatua chache za kuchukua katika usharika.

1. CHUNUSI NI NINI?

Ngozi yetu ina vitundu vidogo sana ambamo vinyweleo hutokea. Ndani ya kila kitundu kuna tezi inayotoa mafuta. Mafuta hayo ni mema. Mungu ameyaweka ili ngozi isikauke wala kupasuka. Kwa kawaida hupanda taratibu hadi juu ya ngozi pamoja na seli zilizokufa, na zote huondoka tunaponawa.

Mtoto anapofikia balehe, homoni huongezeka mwilini, kwa wavulana na wasichana vilevile. Homoni hizo huziamuru tezi zitoe mafuta mengi zaidi. Wakati huohuo seli zilizokufa ndani ya kitundu hushikamana badala ya kutoka. Mafuta na seli hizo huungana na kuwa kizibo, kama mfereji wa shambani unavyozibwa na majani na tope hata maji yakasimama. Kizibo hicho ndicho mwanzo wa kila chunusi.

Kizibo kikikaa ndani huku ngozi ikiwa imekifunika juu, tunaona kipele kidogo chenye rangi ya ngozi au cheupe. Hii ndiyo chunusi nyeupe. Mara nyingi hakiumi wala hakina wekundu. Ukipapasa paji la uso unaweza kukihisi kabla hujakiona kwenye kioo.

Kizibo kikifika juu na mdomo wa kitundu ukabaki wazi, mafuta yaliyokutana na hewa hubadilika rangi. Pia ndani ya kizibo hicho kuna melanini, ile rangi inayoifanya ngozi ya mtu iwe nyeusi au ya maji ya kunde. Ndiyo maana tunaona nukta nyeusi, hasa puani, kidevuni na kwenye paji la uso. Hii ndiyo chunusi nyeusi. Tunaomba hili lieleweke vizuri: weusi ule si uchafu. Kijana mwenye chunusi nyeusi hakushindwa kuoga, na hata akisugua uso kwa dodoki mara tano kwa siku nukta hazitatoka, kwa kuwa kizibo kiko ndani ya kitundu.

Ndani ya vitundu hivyo huishi bakteria wa kawaida, ambao kila mtu mzima anao. Kitundu kikiziba bakteria hao huongezeka, mwili hupambana nao, na chunusi huvimba, huwa nyekundu, huuma, na pengine hujaa usaha. Kwa hiyo chunusi kubwa zinazotutisha zimetokana na hizi ndogo. Tukizishughulikia ndogo mapema, tunazuia kubwa na makovu yake.

Jambo jingine la kukumbuka ni muda. Kizibo huanza kujijenga wiki kadhaa kabla hakijaonekana. Chunusi unayoiona leo ilianza zamani, na kuna nyingine ambazo bado hazijatokeza. Ukweli huu ndio unaoeleza kwa nini tiba ya kweli haiwezi kumaliza kazi kwa siku tatu.

2. NANI HUPATA CHUNUSI?

Karibu kila mtu. Wataalamu wa ngozi wa Marekani hukadiria kuwa takriban asilimia 85 ya watu wenye umri wa miaka 12 hadi 24 hupata chunusi angalau kidogo. Kwa wengi hupungua wakikaribia au kupita miaka 20. Kwa baadhi, hasa wanawake, huendelea hadi miaka ya 30 au 40, na pengine huongezeka karibu na siku za hedhi. Urithi pia una nafasi. Mtoto ambaye wazazi wake walikuwa na chunusi nyingi yuko katika uwezekano mkubwa zaidi wa kuzipata.

Kuna vitu vingine vinavyoongeza tatizo. Mafuta mazito ya nywele yanayoshuka kwenye paji la uso huziba vitundu. Kofia ngumu au mkanda unaobana jasho mahali pamoja huleta vipele hapohapo. Zipo pia dawa zinazoweza kuleta chunusi, zikiwemo dawa za jamii ya steroidi, ambazo tutazieleza hapa chini.

Kuhusu chakula, tuseme kwa kiasi. Vijana wengi wamekatazwa karanga, parachichi na vyakula vya mafuta, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuvilaumu vyakula hivyo. Karanga na parachichi ni lishe nzuri, na ni vibaya kumnyima mtoto anayekua. Ushahidi ulio na nguvu kidogo unahusu sukari nyingi, yaani soda, biskuti, pipi na vinywaji vitamu. Kupunguza vitu hivyo kuna faida kwa meno na mwili mzima, na huenda kukasaidia ngozi pia.

3. MANENO YA UONGO YANAYOUMIZA

Katika vikao vya vijana tunasikia maneno mengi, nasi tumeona vema kuyajibu wazi.

“Chunusi ni dalili ya tabia mbaya au ya mawazo machafu.” Si kweli. Ni homoni na mafuta. Mtoto mwadilifu na mtoto mkorofi hupata chunusi sawa.

“Zitaisha ukianza kufanya mapenzi” au “ukizaa zitaisha.” Huu ni uongo wenye hatari kubwa kuliko yote. Tendo la ndoa haliondoi chunusi. Msichana anayedanganywa kwa neno hili anaweza kupata mimba, virusi vya UKIMWI na kuachishwa masomo, na chunusi zake zikabaki palepale. Wazazi, tusione haya kulisema jambo hili nyumbani kabla watu wengine hawajalisema vichochoroni.

“Ni ugonjwa wa kuambukiza.” Si kweli. Huwezi kupata chunusi kwa kupeana mikono, kula pamoja au kutumia kitabu kimoja cha nyimbo.

“Paka dawa ya meno, ndimu au majivu.” Vitu hivi huunguza ngozi. Ndimu pamoja na jua la mchana inaweza kuacha madoa meusi au malengelenge.

Katika darasa la kipaimara tunawafundisha watoto Katekisimu Ndogo, ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529. Katika maelezo ya amri ya nane tunafundishwa kutomharibia jirani jina lake, bali kumsemea mema. Mzee wa kanisa anayemtania binti mbele za watu kuhusu uso wake, au anayesema “huyo ana mambo yake”, ajipime kwa amri hiyo. Na katika maelezo ya amri ya tano tunafundishwa kwamba haitoshi kutomdhuru jirani mwilini. Imetupasa pia kumsaidia katika mahitaji ya mwili wake. Kwa hiyo somo hili halitoki nje ya kazi ya kanisa.

4. MKOROGO: PALE TATIZO DOGO LINAPOKUWA KUBWA

Ngozi nyeusi ina tabia moja inayohitaji kueleweka. Chunusi ikipona, hasa ikiwa ilitumbuliwa kwa kucha, mara nyingi huacha doa jeusi. Doa hilo si kovu. Hufifia lenyewe, lakini huchukua miezi mingi, na pengine zaidi ya mwaka. Hapo ndipo kijana anapokata tamaa. Sasa hatafuti dawa ya chunusi bali dawa ya “kutakatisha uso”, na muuzaji wa mkorogo yuko tayari kumpa.

Mkorogo ni mchanganyiko wa krimu za kuchubua ngozi. Vitu vinavyopatikana sana katika krimu za namna hiyo ni vitatu:

(a) Steroidi kali, kama vile klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa halali za magonjwa fulani ya ngozi zinapoandikwa na mtaalamu kwa muda maalum. Zikipakwa usoni kila siku, wiki ya kwanza uso hung'aa na uvimbe hushuka, na kijana hufurahi. Baada ya hapo ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huonekana, nywele huota mashavuni, na vipele vipya vingi vinavyofanana hutokea. Akiacha ghafla, uso huwaka na kuvimba, naye hurudia krimu ileile ili apate nafuu. Amekuwa mfungwa wake.

(b) Zebaki. Hii ni sumu ileile inayotumiwa na wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu. Hupenya kwenye ngozi na kuingia katika damu. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni.

(c) Haidrokwinoni. Ikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi wa mtaalamu inaweza kuacha ngozi ikiwa na mabaka ya bluu-nyeusi yasiyotoka, hasa mashavuni.

Nchini Tanzania vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimepigwa marufuku. Usimamizi wa vipodozi ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na tangu mwaka 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Hata hivyo bidhaa hizo bado huingia kwa njia za panya na kuuzwa gulioni na madukani. Sheria peke yake haitoshi ikiwa mnunuzi hajui anachonunua.

Tuwafundishe vijana kuitilia shaka krimu yoyote yenye mojawapo ya dalili hizi: haina maandishi ya vilivyomo ndani, imetolewa kwenye kopo kubwa na kupimwa katika kikopo kidogo, muuzaji anaahidi uso safi kwa siku tatu au wiki moja, au inaondoa chunusi na wakati huohuo inaufanya uso kuwa mweupe kuliko shingo.

Aliyekwisha kutumia krimu ya namna hiyo kwa miezi mingi asifokewe, wala asiiache peke yake kwa hofu. Apelekwe kituo cha afya akiwa na kopo lenyewe mkononi, ili mtaalamu amwelekeze namna ya kuiacha salama na kumwangalia figo kama kuna dalili.

5. TIBA SALAMA

Kwa chunusi nyeusi na nyeupe zisizo na uvimbe mkubwa, tiba inaweza kufanyika nyumbani.

Hatua ya kwanza: kunawa. Nawa uso mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na baada ya kutoka jasho jingi. Tumia maji safi na sabuni laini ya kuogea isiyo na manukato makali. Usitumie sabuni ya mche ya kufulia usoni, maana hukausha na kuchubua. Tumia viganja vya mikono, si dodoki wala jiwe. Jikaushe kwa kubonyeza taulo taratibu.

Hatua ya pili: dawa ya kupaka. Zipo tatu zinazojulikana vizuri. Chagua moja, usizichanganye zote kwa pamoja.

– Asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 husaidia kulegeza kizibo ndani ya kitundu. Inafaa kwa kuanzia.

– Benzoili peroksaidi huua bakteria na kusaidia kufungua vitundu. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Anza na nguvu ya asilimia 2.5 au 5. Ile ya asilimia 10 huwasha zaidi bila kuwa na faida kubwa zaidi. Angalizo: hupausha nguo, hivyo tumia foronya na taulo nyeupe. Itunze mahali pa baridi, mbali na jua na joto.

– Adapalini ya asilimia 0.1 ni miongoni mwa dawa bora kwa chunusi nyeusi na nyeupe, kwa sababu huzuia kizibo kisijengeke. Tretinoini hufanya kazi kwa namna hiyo pia. Hupakwa usiku. Dawa hizi zisitumiwe na mama mjamzito wala anayepanga kushika mimba.

Dawa hizi hupatikana zaidi katika famasi za mjini. Muulize mfamasia, na soma tarehe ya mwisho wa matumizi.

Hatua ya tatu: namna ya kupaka. Watu wengi hupaka dawa juu ya kipele kimoja kimoja. Kumbuka tulivyosema kwamba nyingine bado zimejificha. Kwa dawa kama adapalini, chukua kiasi cha punje moja ya njegere, kiasi hicho kinatosha uso mzima. Paka eneo lote linalopata chunusi, ukiepuka macho, midomo na pembe za pua. Wiki mbili za kwanza paka usiku mmoja, ruka mmoja. Ngozi ikizoea, paka kila usiku. Ikikauka, paka losheni nyepesi. Mchana vaa kofia pana au beba mwavuli, kwa kuwa ngozi itaungua na jua upesi zaidi.

Hatua ya nne: kungoja. Wiki za mwanzo chunusi zinaweza hata kuongezeka kidogo. Usiache. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 8, na matokeo ya kweli baada ya wiki 12. Vijana wengi huacha dawa nzuri katika wiki ya tatu na kwenda kununua mkorogo. Mzazi anayejua hesabu hii ya wiki atakuwa msaada mkubwa kuliko duka zima la vipodozi.

Tusisahau kuhusu vidonge. Antibiotiki kama doksisaiklini hutolewa kwa chunusi zenye uvimbe na usaha, kwa muda maalum, pamoja na dawa ya kupaka. Hazina kazi kwa chunusi nyeusi na nyeupe peke yake. Kununua “vidonge viwili vitatu” dukani kunawazoesha bakteria dawa, na siku tutakapozihitaji kwa ugonjwa mkubwa hazitatusaidia. Isotretinoini ya kumeza ni ya daktari wa ngozi peke yake, kwa kuwa huleta ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni.

6. KUZUIA

(a) Usitumbue wala kuminya chunusi. Kuminya husukuma kizibo ndani zaidi na kuleta doa na kovu.
(b) Paka mafuta ya nywele mbali na paji la uso. Fua vilemba, kofia na foronya mara kwa mara.
(c) Chagua losheni nyepesi badala ya mafuta mazito, hasa kwa uso wenye mafuta mengi.
(d) Usishirikiane nyembe. Mwanaume mwenye vipele vya ndevu anyoe kwa kufuata uelekeo wa ndevu na asinyoe kwa kukaribiana sana na ngozi.
(e) Punguza soda na vitu vitamu. Kula mboga, matunda na dagaa, na lala vya kutosha.
(f) Chunusi zikishatulia, endelea na dawa ya kupaka kwa kiasi anachoshauri mtaalamu, kwani vitundu huziba tena.

7. LINI TWENDE KITUO CHA AFYA?

Si kila kipele usoni ni chunusi. Alama ya chunusi ni kuwepo kwa zile nukta nyeusi na nyeupe. Kama hazipo, na vipele vinawasha sana, vimeenea mikononi na miguuni, au watu wengi nyumbani wanavyo, huenda ni upele au ugonjwa mwingine wa ngozi. Nenda pia kituoni ikiwa:

– chunusi ni kubwa, zina maumivu na zinaacha mashimo;
– tiba ya kupaka imetumika sawasawa kwa wiki 12 bila nafuu;
– msichana au mama ana chunusi nyingi pamoja na hedhi isiyo na mpango au ndevu;
– mtoto mdogo ambaye hajafikia balehe ameanza kupata chunusi nyingi;
– kijana amejitenga, ana huzuni nyingi, au anasema hataki kuishi. Huyu asisubiri hata siku moja.

Tunamshukuru Mungu kwamba mtaalamu hayuko mbali kama tunavyodhani. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyo chini ya Shirika la Msamaria Mwema (GSF), kipo Chuo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi (RDTC), kilichoanza mwaka 1992. Chuo hicho kimewafundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika ili wakatibu ngozi katika hospitali za mikoa na wilaya. Kabla ya kumsafirisha mgonjwa mbali, ulizeni katika hospitali ya wilaya au ya mkoa kama yupo ofisa wa magonjwa ya ngozi.

8. KAMATI ZA SHARIKA ZIFANYE NINI?

Somo hili halihitaji mradi mpya wala fedha nyingi. Tunapendekeza hatua nne:

Kwanza, kipindi kimoja cha darasa la kipaimara kitumike kwa somo la mwili na balehe, chunusi zikiwemo. Mchungaji au mwinjilisti akae pamoja na mhudumu wa afya kutoka zahanati ya karibu. Wasichana na wavulana wapewe nafasi ya kuuliza kwa karatasi zisizo na majina.

Pili, Umoja wa Wanawake wazungumze juu ya mkorogo wao kwa wao. Tuseme ukweli: mabinti hujifunza kujichubua kwa mama na shangazi zao. Hatuwezi kumkataza mtoto kitu kilicho juu ya meza ya mama.

Tatu, wanaouza vipodozi ambao ni washarika wetu waitwe na kuelimishwa kwa upole. Wengi wao hawajui kilichomo katika makopo wanayouza. Wanahitaji kusaidiwa kupata bidhaa nyingine, maana biashara hiyo ndiyo inayowalisha watoto wao.

Nne, utani juu ya sura za watu ukome kwaya, shuleni na katika hafla za usharika. Hatua hii haina gharama yoyote.

9. NENO KWA WAFADHILI

Ndugu zetu wafadhili, mara nyingi mmetuuliza mnaweza kutuma nini. Kwa jambo hili tunaomba msitume makasha ya krimu na losheni. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, iliyotolewa kwanza mwaka 1996, inataka dawa iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda inapofika nchini, na iwe imeombwa na wanaoipokea. Krimu iliyokaa bandarini kwenye joto hupoteza nguvu, na maandishi ya lugha ngeni humfanya mtumiaji abahatishe. Msaada unaofaa zaidi ni nauli na posho ya mhudumu wa afya anayezungukia sharika, uchapishaji wa vipeperushi vya Kiswahili, na kumsomesha tabibu au muuguzi wa vituo vyetu masomo ya magonjwa ya ngozi. Mtu mmoja aliyesoma atatibu pia ukoma, upele, fangasi na ngozi za ndugu zetu wenye ualbino.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika mtaa wetu, kijana mwenye chunusi humwendea nani kwanza? Kwa nini?
2. Ni maneno gani ya uongo juu ya chunusi yanayosikika hapa kwetu, na nani ayakanushe?
3. Krimu gani zinauzwa gulioni bila maandishi ya vilivyomo? Tutazungumzaje na wauzaji?
4. Wazazi tunawezaje kumsaidia kijana avumilie wiki 12 za tiba?
5. Katika hatua nne zilizopendekezwa, usharika wetu utaanza na ipi, lini, na nani atawajibika?

MWISHO

Katika Mambo ya Walawi sura ya 13 tunasoma jinsi kuhani alivyoagizwa kuangalia ngozi ya mtu. Alipokuwa na shaka hakuruhusiwa kutamka neno kwa haraka. Alingoja siku 7, akaangalia tena, na ikibidi akangoja siku 7 nyingine. Sisi si makuhani wa wakati ule, na chunusi si ukoma. Lakini utaratibu ule una hekima kwetu: tuangalie vizuri kabla ya kusema, na tungoje kabla ya kuhukumu au kupaka chochote. Kijana wako akikaa mbele ya kioo kwa muda mrefu kuliko kawaida, usimcheke. Kaa naye, mweleze uliyoyasoma hapa, na mhesabieni wiki pamoja.

Tunaomba kila kamati ituletee taarifa fupi ya majadiliano yake kupitia ofisi ya jimbo kabla ya toleo lijalo.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi